Nesi Aliyepiga Hodi Kwake Mwenyewe

Jambo zima lilinigharimu kiti kimoja, kuku mmoja mweupe na kikohozi cha baba yangu. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jibu halibadiliki. Kuku aliliwa mbele ya macho yangu na paja moja nililila mimi, kwa hiyo huyo nimemfuta. Kiti najua kilipo. Hicho cha tatu ndicho kilichonikalisha chini kuandika.

Aliyevipokea vyote vitatu ni mwanamke ambaye mji mzima wa Kasulu ulimwita Nesi, basi. Jina lazima alikuwa nalo, serikali haimlipi mtu pensheni bila jina, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Aliletwa kwetu kikazi kutoka mkoa mwingine, akahudumia wagonjwa wa akili mpaka akastaafu, na alipostaafu hakurudi kwao. Tulimuuliza kwa nini.

"Mizigo ni mingi," alisema.

Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na masufuria mawili.

Ghala langu la maharage lilitazamana na mlango wake, njia tu katikati, kwa hiyo nilimwona kwa miaka kabla sijawa mtu wake. Nilimwona akirudi sokoni na kapu, anasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga, anaita: "Hodi." Anasubiri. Anaita tena: "Hodi." Anasubiri. Ndipo anafungua na kuingia. Aliishi peke yake. Hata paka hakufuga.

"Nesi," nilimuuliza siku moja, nimekaa juu ya gunia, "huyo unayempigia hodi ni nani?"

"Aliyemo."

"Na asipoitika?"

"Naingia nikijua kwamba hakuitika. Si sawa na kuingia tu."

Wapagazi wangu walicheka mpaka mmoja akatua mzigo. Mimi nilicheka nao. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia ile hodi ya kwanza, nilijikuta nimeacha kupima mpaka ya pili ipite, na sikio langu limeinuka lenyewe kusubiri jibu.

Katika biashara alikuwa mtu wa hatari. Mimi nimewashinda madalali wa Makere na wa Gwarama, watu wanaokushonea gunia la rumbesa, lililojaa kupita mdomo wake, huku wakikuapia kwa mama zao. Nesi sikumweza. Nilimtajia bei, yeye alisema "sawa", kisha akanitazama. Hakupunguza, hakulalamika, hakuondoka. Alinitazama tu, kwa upole, kama mtu anayesubiri chai ipoe, mpaka mimi mwenyewe nikapunguza. Akasema "sawa" tena, akaendelea kunitazama. Kila debe nililomuuzia nilimuuzia kwa hasara, na kila mara nilirudi ghalani nikijisikia nimefanya jambo jema, hali ambayo kwa mfanyabiashara ni dalili ya ugonjwa.

Watu wake aliwapokea kila Jumatano alasiri katika chumba kilichokuwa mashine ya kusaga. Mashine yenyewe iling'olewa, zikabaki boliti sakafuni na unga kwenye kenchi za paa, unga wa miaka. Mtu akipandisha sauti mle ndani, unga ulidondoka. Ukitoka una weupe mabegani, na mji mzima unajua ulikokuwa.

"Nasikia unakwenda kwa yule mganga wa unga," walikuwa wakitaniana sokoni.

Kwa sababu hiyo wengine walimpelekea kuku mweupe, kama wanavyopelekewa waganga. Nesi alimpokea kuku kwa mikono miwili, akashukuru, akamchinja, akampika, akawagawia waliokuwepo.

"Mimi si mganga," alisema, "lakini kuku hana kosa."

Sheria zake zilikuwa chache na zote zilitushinda. Ya kwanza, ndani ya chumba kile hakuna kusema pole. Hebu jaribu wewe uliyelelewa nchi hii. Mtu akijikwaa, pole. Akipiga chafya, pole. Akitoka kazini, pole. Mama Neema, muuza chapati wa stendi, alipoanza kueleza habari za mwanawe aliyekufa, midomo yetu yote ilijaa pole kama maji ya moto na hapakuwa na pa kuitema. Alhaji, mwenye duka la vitambaa, mtu mwenye ndugu zake Tanga na adabu za huko, aliziba mdomo kwa kofia yake.

"Mkimwambia pole," Nesi alisema, "mmemwonyesha mlango. Atasema asante, ataondoka na mzigo wake. Nyamazeni, autue."

Sheria ya pili ilinipendeza kwa kuwa ilizungumza lugha yangu. Mtu akisema "nimeteseka sana", Nesi alimkatiza: "Hiyo ni jumla. Hapa tunauza rejareja." Mama Neema alilia Jumatano ngapi sijui kwa jumla. Siku aliyotupa rejareja hakulia. Alisema mtoto alipenda ukoko wa ugali, ule wa pembeni ulioungua, na kwamba yeye bado anaubandua sufuriani kila jioni na kuuweka kwenye kisosi. Alisema asubuhi kisosi huwa kitupu. Hakuna aliyemuuliza ni panya au ni nani. Unga ulidondoka kidogo, ingawa alikuwa amesema kwa sauti ya chini sana.

Sheria ya tatu ilikuwa kila mtu aje na kiti chake kutoka nyumbani. Haikuwa na siri yoyote; mwanamke mstaafu hana fedha za viti. Viti vilibaki pale wiki nzima, vimepangwa duara. Yeye mwenyewe hakuwa na kiti. Sikuwahi kumwona amekaa. Alituambia tupumzike, tutue, tuegemee, na yeye muda wote amesimama mlangoni, bega kwenye fremu, kama mtu aliyeambiwa asubiri aitwe.

Sasa niseme mimi nilifikaje kwake.

Baba yangu aliishi nami miaka yake ya mwisho, chumba cha nyuma, akafa kabla mwanangu Baraka hajazaliwa. Tulimzika kwao Heru Juu kwa heshima zote. Tatizo ni kwamba kikohozi chake hakikuzikwa. Kila alasiri nikirudi nyumbani, nikifika kizingitini, nilikisikia nyuma ya bega langu: mara mbili, kimya, mara moja. Si kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kile cha kusafisha koo, kikavu, cha mtu anayejua kwamba anasikika. Nageuka, hakuna mtu. Natazama ndani, mke wangu amesimama wima, anajifuta mikono kwenye kanga. Baraka anasukuma magari yake ya mabati chini ya kitanda, haraka haraka.

"Mmesikia?" nilikuwa nauliza.

"Tumesikia," mke wangu alijibu, na zaidi ya hapo hakusema.

Ndipo siku moja Baraka, aliyekuwa wa miaka minne na hakuwahi kumwona babu yake hata kwenye picha, alikuwa akicheza uani na vifuniko vya sufuria. Akakohoa. Mara mbili, kimya, mara moja. Mke wangu alikuwa amekaa akichambua mchicha. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amesimama, mchicha wote umemwagika miguuni.

Hakugombana nami. Alifunga nguo za mtoto kwenye begi.

"Nakwenda Kibondo kwa dada," aliniambia. "Siku mtu ataweza kuingia nyumba hii bila watu kusimama, uniite."

Waliondoka na basi la asubuhi. Nyumba ikabaki na mimi, na kikohozi, na kiti cha baba cha mninga, chenye mikono na ngozi ya ng'ombe, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilikipeleka sokoni nikiuze, nikidhani mambo yataisha. Mimi niliyewahi kuuza maharage yenye wadudu kwa bei ya maharage mazuri, kiti cha mninga kilinirudia. Watu walikitazama, wakakizunguka, wakaniuliza: "Nani amekaa?" Wakaenda zao.

Nikamnunua kuku mweupe, nikavuka njia.

"Nesi, nina baba yangu nyumbani. Amekufa. Naomba umtoe. Tufanye Jumatano mbili."

"Maharage yako yanaiva ukiyapunguzia muda?"

"Tatu, basi."

Alinitazama kwa ule utazamaji wake. Nikasema nitakuja mpaka atakaponiambia.

"Uje na kiti," alisema.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu bahili tu anaweza kulifanya. Viti vyangu vizuri vilikuwa vya wageni. Sikutaka vikalale kwenye unga. Nikabeba kile ambacho hakikuwa na kazi. Nesi alikitazama nilipokitua kwenye duara.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Umekikalia lini?"

Alhaji alianza kutabasamu.

"Basi umekuja na mtu," Nesi alisema. "Mwache akae. Wewe tutakutafutia."

Wakanitafutia debe la mafuta lililopinduliwa. Nikaanza matibabu yangu nikiwa nimekaa juu ya debe, chini kabisa ya baba yangu.

Kuna jambo niliona, na niliangalia mara mbili kabla ya kuliamini. Tulipofika kila Jumatano, viti vyote vilikuwa na unga mwembamba wa wiki nzima, ukifuta kwa kiganja unaona. Kiti cha baba kilikuwa safi. Ngozi yake iling'aa kidogo katikati, kama inavyong'aa ngozi iliyokaliwa. Nilimwonyesha Alhaji.

"Mimi sijaona kitu," alisema, na akahamisha kiti chake upande wa pili.

Nilijifunza haraka, hilo nalikiri bila aibu. Mtu wa sokoni hushika maneno. Baada ya wiki chache nilijua kusema "ninatua", "ninasikiliza", "ninamwachia nafasi yake". Nilisema rejareja za baba zilizo nzuri: alivyopenda samaki, migebuka ya kukaanga, alivyonoa jembe. Mama Neema alinipongeza. Nikampigia mke wangu simu.

"Nimepona."

"Umepona nini?"

"Yale mambo. Nesi amenisaidia sana. Nimebadilika, mama Baraka, hutanijua."

Nyuma yake nilisikia mtoto akiburuza kitu.

"Weka simu mezani," alisema. "Usikate. Toka nje, kisha uingie."

Nilitoka. Jua lilikuwa bado liko juu, majirani wanaanika mihogo. Nikaingia. Kikohozi kikapita nyuma ya bega langu kama kawaida yake. Nikaichukua simu.

"Upo?"

"Nipo," alisema. "Nilikuwa nimekaa. Sasa nimesimama." Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Nilichofikiri wakati ule ni hiki: kumbe huyu mzee anafika mpaka Kibondo, bila hata nauli.

Jumatano iliyofuata mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Nesi alinisogelea akaniambia nisiseme habari za migebuka. Nieleze baba alikuwa anaingiaje nyumbani.

"Anaingia tu," nilisema.

"Rejareja."

Nikaeleza. Baba yangu hakupiga hodi hata siku moja maishani mwake. Hodi ni ya mgeni. Yeye alikohoa. Wazee wengi wa rika lake kule kwetu walikohoa kabla ya kuingia uani, ilikuwa adabu, kuwaambia watu wajiweke sawa, na wengi wao ilikuwa hivyo na ikaishia hapo. Kwa baba haikuishia hapo. Kikohozi kikisikika, mama alisimama. Dada alimeza kicheko alichokuwa nacho mdomoni. Mimi nilisukuma chini ya kitanda chochote nilichokuwa nikichezea, kwa sababu kilichoonekana kilivunjwa. Hakuwa akipiga kila siku. Hakuhitaji. Kikohozi kilitosha; nyumba nzima ilikakamaa kama ubao mmoja.

Nilipomaliza, mvua ilikuwa imepungua. Hakuna aliyesema pole. Nesi akasema amesahau kapu lake barazani, akaniomba nimletee.

Nilitoka, nikaliona kapu, nikalichukua, nikarudi. Kizingitini nikasikia: mara mbili, kimya, mara moja. Nyuma yangu. Nikageuka. Baraza tupu, maji yanachuruzika kwenye mchirizi. Nilipogeuka tena ndani, Mama Neema alikuwa amesimama. Alhaji alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi, simu yake ameificha chini ya paja. Duara zima lilikuwa limenyooka migongo.

"Nani amekohoa?" Nesi aliuliza.

"Mmemsikia!" nilisema. "Sasa mmemsikia wenyewe! Amekuja mpaka huku."

Wakatazamana.

"Ndugu yangu," Mama Neema alisema taratibu, "si wewe?"

"Mimi?"

"Wallahi ni wewe," Alhaji alisema. "Kwa mdomo wako. Mimi hapa nimeficha simu kama mwizi, na simu ni yangu."

Nilibisha. Nilibisha kama ninavyobishia mizani ya mtu mwingine. Nilisema kimetoka nyuma, nimekisikia nyuma, labda kimegonga ukuta kikarudi, labda nimekohoa kidogo na yeye akamalizia. "Nusu kwa nusu," nilisema, na hata mimi nilijisikia ninavyopatana bei.

"Toka," Nesi alisema, "uingie tena. Shika koo."

Nikatoka. Nikaweka vidole kooni, hivi, chini ya taya. Nikapandisha mguu kizingitini. Na nikahisi kitu kikipanda chini ya vidole vyangu, mara mbili, kikatulia, mara moja, kama mnyama mdogo anayeishi humo anayejua njia yake. Sauti niliisikia baadaye, kwa nyuma, begani, palepale pa siku zote. Koo langu na sikio langu havikukubaliana.

Unga ulianguka kutoka kenchini, mwingi, ukatulia juu ya kila mtu. Juu ya kiti cha baba pia ulianguka.

Sitasema nilichofanya hapo. Mama Neema alinyamaza vizuri sana.

Alasiri ile yote niliitumia kutoka na kuingia. Nesi hakunifundisha neno jipya. Alinifundisha la wageni. "Hodi," nilisema mlangoni, na koo likabana, kikohozi kikatangulia, nikarudi nje. Tena. Tena. Alhaji, aliyekuwa na shida yake mwenyewe ya kurudi kukagua kufuli za duka lake tangu siku alipovamiwa, alinihurumia kwa namna yake: "Bwana, rudi tena, hata mimi huwa narudi." Jioni ilipokaribia nilifika kizingitini, nikasimama, nikasema hodi, na haikutanguliwa na chochote. Nikasubiri. Hapo ndipo pagumu, kusubiri. Mtu mzima mwenye ghala, umesimama mlangoni unangoja uruhusiwe.

"Karibu," walisema wote.

Nilitaka kuondoka na kiti changu. Nesi aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Kiache."

"Ni mninga, Nesi."

"Najua ni mninga. Kiache."

Wengine pia waliviacha vyao, mmoja baada ya mwingine, kila aliyemaliza. Mama Neema alikiacha kigoda chake. Alhaji aliacha kiti cha plastiki na kufuli moja juu yake.

Kibondo nilikwenda bila kupiga simu. Nyumba ya shemeji yangu ina mlango wa bati, ulikuwa wazi, na ndani niliona miguu ya mwanangu ikining'inia kwenye kochi. Nilisimama nje. Koo lilianza kupanda. Nililishika, likatulia.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Niliona ile miguu ikiacha kuchezacheza.

"Hodi," nilisema tena, nikasubiri. Jirani aliyekuwa akifua alinicheka: mtu mzima amekuja kwa mkewe anabisha kama mkusanya michango. Nikaendelea kusubiri.

Baraka alichungulia. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, upande wa bega la kulia, akakagua pale kwa muda.

"Babu hajaja?" aliuliza.

"Hajaja."

Akafikiri. "Karibu," alisema.

Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, kisu na vitunguu mbele yake. Hakusimama. Aliendelea kukata, na vitunguu vile ndivyo vilivyomfanya alie, alivyodai.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ni mimi?" nilimuuliza.

"Nilijaribu," alisema. "Ukakohoa."

Hakurudi siku ile. Alinitaka nije mara nyingine na nyingine, mvua, kiangazi, nimechoka, nimekasirika, nimepata hasara, aone ni sauti ipi inayotangulia. Alirudi msimu wa maharage ulipokwisha. Hadi leo napiga hodi kwangu mwenyewe, wapagazi wanacheka, na sasa najua Nesi alichokuwa akikisubiri mlangoni pake. Au nilidhani najua.

Mwenye jengo aliitaka mashine yake irudi, na Nesi akapakia viti vyote kwenye Fuso kwenda Kibondo, alikopata nyumba. Nilisaidia kupakia. Alikataa vipinduliwe. Dereva alilalamika kwamba vikilazwa vitaingia vingi, Nesi akamtazama tu, dereva akavisimamisha. Gari lilipoondoka, viti vilikuwa vimesimama safu kwa safu nyuma, vikitikisika kwenye mashimo, vikiinama pamoja na kuinuka pamoja, kama abiria.

Sikumwona tena mpaka mwaka huu, nilipokwenda Kibondo kununua maharage. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule wa kwetu unaokaa mpaka saa nne. Mwanamke aliyekuwa akichota maji nilimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye", nikamuuliza nyumba ya Nesi mstaafu.

"Yule mama mwenye wageni wengi?"

"Anaishi na nani?"

"Peke yake," alisema, kana kwamba hayo mawili hayapingani, akaninyooshea mkono.

Nilisimama mlangoni, vidole kooni kama nilivyozoea.

"Hodi."

Ndani mtu alikohoa. Mara mbili, kimya, mara moja.

Migongo ina kumbukumbu yake, wangu ulinyooka. Koo langu lilikuwa limetulia chini ya vidole. Sikuwa mimi. Safari hii nilikuwa na hakika, nilikuwa nimelishika.

"Karibuni," sauti ya Nesi ilisema. Nikatazama nyuma. Nilikuwa peke yangu.

Viti vilipangwa kuuzunguka ukuta wote wa sebule. Kigoda cha Mama Neema, juu yake kisosi kitupu. Plastiki ya Alhaji na kufuli yake. Nilivihesabu kwa mazoea na hesabu ikakataa, kwa sababu kimoja nilikiruka. Nilikiruka kwa sababu kilikuwa na mtu. Nesi alikuwa amekaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amekaa, kwenye kiti cha baba yangu, mikono yake juu ya mikono ya kiti.

"Ni wewe uliyekuwa unafuta unga," nilisema.

"Sikufuta. Nilikaa." Sauti ilikuwa yake lakini ilikuja kwa kuchelewa kidogo. "Mkiondoka, nilikaa kwenye kila kimoja. Nilitaka kujua mmetua nini. Mtu hawezi kumwambia mwenzake tua kama hajui uzito." Akavuta pumzi, ikatoka kama ile ya Mama Neema ya kabla ya kulitaja jina la mwanawe. "Nilidhani mnavyotua vinabaki kwenye viti, havinifuati."

Pole ilinijaa mdomoni, ya moto kama zamani. Niliimeza.

"Nikusaidie nini, Nesi? Usikatae, una deni kwangu. Ulikula kuku wangu."

Alicheka, na kicheko hicho sikukijua ni cha nani.

"Toka," nilimwambia. "Uingie tena."

Alinitazama kwa ule utazamaji wake, lakini safari hii sikupunguza. Akajiinua, akashika ukuta, kiti kwa kiti, akatoka kwenye ukungu na kuuvuta mlango. Mimi nikakaa sakafuni. Sikuwa na kiti cha kukalia humo.

Nje, karibu kabisa na ubao, baba yangu alikohoa. Nilinyamaza. Kisha Mama Neema akashusha pumzi yake. Nilinyamaza. Kisha Alhaji akatikisa kufuli ambayo ilikuwa humu ndani, mbele ya macho yangu, juu ya plastiki. Zikapita sauti ambazo sikuzitambua, za watu wa Jumatano za kabla yangu, moja moja, kila moja ikisubiri kuitikiwa. Mkono wangu ulikuwa mdomoni.

Kisha sauti zikaisha.

"Hodi," ikasema sauti nyembamba, ya mtu aliyechoka sana. Haikuwa ya yeyote kati yetu. Wala haikuwa ile niliyoisikia ng'ambo ya njia miaka yote; labda ndiyo aliyokuwa nayo kabla ya mizigo yetu.

Nilisubiri ya pili ije. Ikaja.

"Karibu," nilisema.

Mlango ukafunguka. Mwanamke mzee akasimama kizingitini, ukungu nyuma yake, bega kwenye fremu. Alivitazama viti vyote, akanitazama mimi sakafuni.

"Wewe unajua kuhesabu," aliniambia. "Nihesabie mara mbili, kama kawaida yako, halafu uniambie kweli, usinipunguzie: ameingia nani?"